Mume Wangu Kwenye Bango la Rais

Malukhu, Mbale

Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya Sura Mpya, Jinja.

Assalaam aleikum, na kama wewe si wa dini yetu, basi habari za kazi. Mimi ni Ramula, mjane wa Sajini Zubair, askari magereza. Nasikia kampuni yako inawatengenezea viongozi wetu wa zamani chapa, kila mmoja apate rangi yake, nembo yake na kaulimbiu, ili vijana wawapende. Kazi njema. Wengine walihitaji kupakwa rangi siku nyingi.

Shida ni kwamba yule mliyembandika kwenye bango hapa Malukhu hakuwa rais. Ni mume wangu.

Msichana wenu Brendah alichukua picha yangu ya pekee ya Zubair, akasema ataisafisha madoa. Najua mlipopotelea. Zamani askari akienda studio aliazimwa kofia ya kupigia picha. Siku hiyo Zubair aliazimwa ya mkuu wa bendi, yenye nyuzi za dhahabu, na zile medali kifuani ni vifuniko vya soda. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika: "Hakulala kwa ajili yenu." Zubair alilala. Alitolewa getini akapelekwa kupika maharage ya wafungwa kwa kosa hilohilo.

2. Nembo yake ni simba. Mwanamume huyu alikuwa akizunguka nyuma ya msikiti kila siku kwa kumwogopa bata mzinga wa jirani yetu Jaliah. Wekeni mwiko wa kupikia.

3. Wananchi wananiletea mimi lawama za serikali. Mzee Ignatius alitoka Busiu kwa baiskeli, akasimama mlangoni pangu, akasema, "Mama, bwana yako alituambia tungoje maji ya bomba. Mpaka saa hii tunangoja tu." Nikampa chai. Nikamweleza kuwa si yeye peke yake aliyeahidiwa na sura ile, maana mimi niliahidiwa cherehani.

4. Mwanamke nisiyemjua, Cissy wa Masese, amekuja na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, anadai baba wa kijana huyo ndiye huyo wa kwenye bango. Bwana Mkurugenzi, sijui anamsema rais au anamsema Zubair. Nimeumia.

Kwa hiyo naomba bango lishushwe upesi na picha yangu irudi. Kama kulishusha ni kazi kubwa, badilisheni historia. Hiyo ni rahisi, nimeiona ikibadilishwa tangu utoto wangu. Andikeni kwamba nchi iliongozwa na mpishi, na angalau watu walishiba. Nami niletewe walinzi wawili kama mjane wa rais, mmoja wa mlangoni na mmoja wa kumzuia Cissy.

Wasalimie wafanyakazi wote, na mlinzi wa geti akiwa macho, na hata Brendah, ingawa bado sijamsamehe.

Mimi mwenye uchungu,
Ramula, mke wa Zubair na si wa mwingine.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Brendah amepiga simu kusema bango linashushwa Jumatatu. Tafadhali msiliguse. Napita pale kila jioni nikitoka sokoni, nasimama kidogo, namsimulia habari za nyumbani. Miaka kumi na moja sikuwa na wa kumsimulia. Jana nilimuuliza kuhusu Cissy. Akanitazama tu bila kujibu, kama alivyokuwa akinifanyia akiwa hai.