Kopo la Mwani la Mama Mkwe

Kwanza ilisikika redio ikikohoa.

"Kraaa... mwani... kraaa... tezi la shingo... mwani wa baharini una..." Kisha ikakata kauli, kama mtu aliyekabwa na mfupa.

Edgar alikuwa hajakata kona ya stesheni ya reli, hajakiona kijiwe wala hiyo redio, lakini lile neno lilimfanya akamate breki mpaka mbuzi wa watu akaruka mtaro. Ndani ya koti lake la bodaboda alikuwa na kopo, na ndani ya kopo mlikuwa na mwani mkavu kutoka Unguja, ulioshuka na treni jana. Alikuwa na hakika kwamba hakuna mwingine mwenye mwani Mpanda nzima. Sasa redio imemjuaje?

Akaongeza moto, akakata kona.

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili na jiko la kahawa la Immaculata, mkabala na pale reli inapoishia. Wenyewe husema reli ya kutoka Kaliua ikifika hapo haina pa kwenda tena, ndiyo maana kila kinachoteremka Mpanda, kiwe mgeni au habari, lazima kikae kijiweni kwanza kipumue.

Kassiani alikuwa ameifungua tumbo redio yake na anaziuma betri kwa meno ya nyuma ili zifufuke. Kijiwe kilimbatiza Nusu Habari, kwa sababu tangu aanze kusikiliza redio hiyo hakuna taarifa aliyowahi kuifikisha mwisho. Pembeni yake alikaa Leonidas, mshenga wa mji, aitwaye Spika. Ndoa za vijana wa upande ule wa reli zimepita mdomoni mwake, na mdomo ulikuwa umenenepa kwa kazi. Doto yeye aliegemea bajaji yake. Edgar alipoegesha, Doto alitazama madigadi ya nyuma ya pikipiki, akausoma kwa sauti ubeti ulioandikwa pale, kama anavyousoma kila siku, kwa uchungu uleule:

"Tairi tatu za nini, mbili zafika mjini."

"Mashairi ya ukweli yanauma," Edgar alisema. "Bajaji ni pikipiki iliyostaafu. Mimi tako langu haligusi kiti cha bajaji mpaka nife, na hata nikifa mnibebe mshikaki, katikati ya wawili juu ya pikipiki."

Hakuwa anatania. Kijiwe chote kilimwita Cheche, na cheche haina utani na nyasi.

Alitaka kujua redio ilisema nini. Kassiani akatema betri, akasimulia. Kulikuwa na mtaalamu, alisema, anaeleza mambo ya mwani. Mwani una madini joto, yaleyale ya kwenye chumvi ya dukani, ambayo yakipungua mwilini shingo inaota rovu. Una nyuzinyuzi, choo kinakuwa laini. Hapo mtaalamu alikuwa ameishia, lakini Kassiani si mtu wa kuiacha habari ikiwa nusu kama anaweza kuishona mwenyewe. Akaongeza kwamba huko Japani wanakula mwani asubuhi, mchana na jioni, na mzee wa miaka mia anaparamia mwembe kumfukuza nyani.

"Nyani anakimbia?" Leonidas aliuliza.

"Nyani anaomba msamaha."

Moyo wa Edgar ulijaa mpaka koti likambana. Akalitoa kopo, akalitua juu ya benchi kwa kishindo, akafunua.

Harufu ilitoka kwanza, mwani ukafuata. Doto alisema inanuka kama kambare aliyesahau siku ya kuoga. Kassiani, aliyezaliwa Karema na kukulia ndani ya mitumbwi, aliinama akanusa mara mbili, akatangaza kwamba majani ya namna hiyo kwao yanajinasa kwenye nyavu za migebuka na watu huyatupa huku wakilaani. Edgar akamjibu kwa ukali kwamba yale ni ya ziwa na haya ni ya bahari, na mtu asiyejua tofauti ya maji matamu na maji chumvi asiliguse kopo lake.

Basi ikabidi aeleze, na alieleza kama anayehutubia mkutano. Alikuwa amemposa Dina. Mama yake Dina, bibi Verdiana, alikuwa na rovu shingoni, na jibu la posa lilikuwa litoke Jumapili baada ya misa. Vijana wengine hupeleka vitenge. Yeye, Cheche, amemwagizia mama mkwe dawa kutoka baharini, mbali kuliko upeo wa mkwe yeyote aliyewahi kuposa katika mkoa huu. Akila mwani, rovu linayeyuka. Rovu likiyeyuka, nani atamnyima binti?

"Na leo hii," alimalizia, "Spika analipeleka."

Leonidas alikuwa anakunywa kahawa. Kikombe kilisimama nusu ya njia. Maana kwa kina Dina mila ni moja na haijafutwa na mtu: chakula kinachopelekwa ukweni huonjwa kwanza mbele ya mwenye nyumba, ndiyo kutoa sumu. Na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawagusani, wala hawasemezani uso kwa uso, anayeonja ni mshenga.

"Kiasi gani?" Leonidas aliuliza, sauti imepungua.

"Mkono mmoja tu."

"Mkono wa mtoto au wa mtu mzima?"

"Usiogope, mtani," Doto alimtuliza. "Nyie Wafipa radi mnazituma kama meseji, leo unatetemekea majani?"

"Majani ni chakula cha ng'ombe, na Msukuma ndiye mwenye ng'ombe," Leonidas alisema. "Onja wewe, kwenu hayo ni ya ukoo."

Hapo ndipo Immaculata alipogeuza shingo kutoka kwenye jiko. Alikuwa na kisikilizio kimoja cha simu sikioni. Akauliza kama kipindi wanachokizungumzia ni kile cha saa mbili. Kassiani akakubali. Immaculata akasema basi wamegawana, kwa sababu yeye alichelewa kuteka maji, akafungua redio ya simu wakati mtaalamu anasema "lakini".

"Lakini ipi?" Edgar aliuliza.

"Ile iliyokufa pamoja na betri za huyu."

Akaieleza huku anamimina kahawa, bila haraka. Mtaalamu alisema mwani ni chakula kizuri kwa mtu mzima wa afya anayekula kidogo. Lakini kuna mwani ambao madini joto yake ni mengi kupita kiasi, na tezi la shingo ni kama mtoto wa mwisho: ukimnyima analia, ukimzidishia anaharibika. Mwenye rovu tayari, au anayemeza vidonge vya tezi, asiguse bila kumwuliza daktari, maana mwani unaweza kumvuruga badala ya kumponya. Na uliovunwa kwenye maji machafu hunyonya uchafu wake.

Wakati wote Leonidas alikuwa kama mlango usio na komeo. Kassiani akisema nyuzinyuzi, anaelekea kwenye kopo. Immaculata akisema uchafu, anarudi kwenye kahawa.

Edgar aliwaka. Alimwambia Immaculata kwamba wivu wa maendeleo ndio ulioifanya Mpanda ibaki na reli inayoishia njiani. Kama kidogo kinaponya, kingi kinaponya zaidi, hesabu ya darasa la pili.

"Cheche, mdogo wangu," Immaculata alisema, "ugali unataka chumvi?"

"Mboga ndiyo inataka chumvi."

"Haya. Kesho nakumwagia mfuko mzima kwenye maharage yako. Hesabu ya darasa la pili."

Kijiwe kilicheka mpaka bajaji ya Doto ikatikisika. Edgar hakucheka. Ndani kabisa, chini ya koti na chini ya hasira, kitu kidogo cha baridi kilikuwa kimemgusa: hakujua kama mama Dina alikuwa anameza vidonge. Hakuwahi kuuliza. Na kwa kuwa mtu wa moto akishikwa na baridi huongeza kuni, alimgeukia mshenga wake.

"Spika, onja sasa hivi. Wakuone unavyong'aa."

Leonidas alikuwa na sifa ya kulinda. Akapiga ishara ya msalaba, akachota kiganja kizima cha mwani mkavu, akaujaza mdomoni, akatafuna. Ulikuwa mgumu kama kamba ya kufungia ndama. Ili ushuke, akauongezea vikombe viwili vya kahawa ya moto, kwa mpigo.

Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya. Mwani mkavu ukipata maji hausemi asante, unavimba. Mashavu ya Leonidas yalianza kuinuka pole pole, kama maandazi kwenye mafuta. Macho yakawa mduara. Akajaribu kusema, likatoka "mm". Kassiani alimzunguka na kumtazama kwa furaha kubwa, akasema katika maisha yake yote hajawahi kusikia habari fupi namna hiyo.

"Nyamazeni," Doto alisema ghafla. "Mama Dina huyo."

Kweli, bibi Verdiana alikuwa anakuja kutoka sokoni na kikapu chake, kitenge kimefunika shingo kwa heshima, na njia yake ilikuwa inapita palepale katikati ya mabenchi.

Edgar alitazama kulia, reli. Alitazama kushoto, ukuta. Kukutana uso kwa uso na mama mkwe kabla ya jibu ni kujifungia mlango mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na kitu kimoja tu chenye turubai. Akaingia.

Ndani ya bajaji palikuwa na joto na harufu ya ndizi. Alikaa kwenye kiti cha dereva, usukani umemgusa magoti, turubai la mvua limeshushwa pembeni, akamsikia Doto nje akikohoa kicheko. Tako la Cheche lilikuwa limegusa kiti cha bajaji, na alikuwa bado hai.

Bibi Verdiana alisalimia, akaitikiwa. Kisha hatua zake zikasimama. Edgar alijua: alikuwa anasoma madigadi. Pikipiki ilikuwa pale, mwenyewe hayupo, na bajaji ina viatu vya bodaboda chini ya turubai.

"Hili kopo ni la nani?" aliuliza.

Watu wote wakamgeukia mshenga. Leonidas akanyanyua mikono, akaonyesha mashavu, akasema "mm" kwa adabu zote alizokuwa nazo.

"Mshenga kapatwa na nini?"

"Ametoa sumu, mama," Immaculata alisema. "Sumu imegoma kutoka."

Bibi Verdiana alikaa kwenye benchi. Aliongea na Leonidas, kama mila inavyotaka, lakini kwa sauti iliyopangwa ifike hadi ndani ya turubai.

"Basi mwambie aliyekutuma. Mimi nimepimwa, nina vidonge nameza, na daktari kanikataza kujiongezea madini joto bila yeye kujua. Angeniuliza, ningemwambia. Hakuniuliza. Mtu anayekutumia dawa bila kukuuliza unaumwa nini, anampenda mgonjwa au anapenda kusifiwa?"

Jua lilikuwa kali, lakini ndani ya bajaji Edgar alihisi amemwagiwa maji ya kisima. Alingoja Leonidas amtetee. Leonidas akasema "mm".

"Dawa ninayo," mama aliendelea, taratibu zaidi. "Ninachokosa ni usafiri. Mwisho wa mwezi narudi kliniki, na vijana wote wa ukoo wangu wana pikipiki. Pikipiki natetemeka, na ya mkwe ndiyo kabisa, maana nitamshika wapi? Haya, mshenga, nijibu. Jumapili nimwambie Dina nini?"

Mashavu ya Spika yalikuwa yamefika mwisho wa ngozi. Mdomo uliofungisha ndoa za mji mzima ulikuwa umefungwa kwa majani ya Unguja, na jibu lilikuwa linangojwa na mwenye haki nalo. Kumsemesha mama mkwe, mwiko. Kunyamaza, amekosa mke. Edgar aliutazama usukani wa bajaji mbele yake, ule usukani alioutukana miaka yote, na ghafla akaona kwamba kwenye chombo hiki abiria hukaa nyuma, ana kiti chake na chuma chake cha kushika, hamgusi dereva wala dereva hamwoni. Kama vile aliyekiunda naye alikuwa na mama mkwe.

Akaukamata usukani kwa mikono miwili.

"Bajaji," alisema kwa sauti, "nisikilize wewe, kwa sababu mshenga wangu amejaa."

Nje mtu aliguna kwa kicheko akakizuia.

"Mwambie mama kosa nimelisikia. Nilitaka nisifiwe. Kopo linarudi kwangu, na hata kijiko kimoja hakiendi kwake mpaka daktari wake aseme."

"Bajaji," bibi Verdiana alisema, bila kugeuka, na Edgar akasikia tabasamu ndani ya sauti, "mwulize mkwe wangu, na kliniki?"

Mkwe wangu. Kassiani aliachia betri zote chini. Leonidas alilia machozi, ingawa haikujulikana kama ni ya furaha au ya mwani.

"Bajaji, mwambie mama kwamba Doto atanifundisha kukuendesha kuanzia kesho."

"Nani kasema?" Doto aliuliza.

"Na Doto mwambie nimekosa."

"Tena kwa sauti."

"Doto, nimekosa, mtani wa watu. Na leseni nitakata." Edgar akavuta pumzi, akaipandisha sauti ili isikike mpaka kwenye mabehewa. "Na wewe bajaji, mwambie mama yangu hivi: kliniki ikifika nitakuja mlangoni, yeye nyuma, mimi mbele, macho yangu barabarani, kwenda na kurudi, kila mwezi atakaoitwa. Na leo hii, kabla jua halijazama, naukwangua ule ubeti wangu kwa kisu, naandika mwingine: tairi tatu salama, zitamfikisha mama."