Shangazi Amekufa, Shangazi Amefufuka

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya ukuu wa kitengo iko wazi! Mpinzani ni mmoja tu: Miwani, jirani yangu wa meza, ambaye hukagua kontena zetu (visanduku vya kuendeshea programu ndani ya kompyuta) moja moja kama anapanga mayai. Mimi nimepata maktaba ya msimbo, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, inayoziangalia zote kwa mpigo mmoja. Ipi inakula kumbukumbu nyingi, ipi imezimika, yaani imekufa. Iliyokufa inafufuliwa! Miwani kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Machi
Kontena zina majina ya nambari tupu. Nimezipa ya watu. Inayouza tiketi za mpira hula kuliko zote na haikai kimya, nimeiita Shangazi. Miwani akauliza kama nimeijaribu kazi yangu pembeni kwanza. Wivu ni kidonda.

Jumatano, 5 Machi
Nimempunguzia Shangazi kumbukumbu kwa nusu. Wakubwa hupenda kubana matumizi. Na sasa kila tukio litaingia lenyewe kama ujumbe kwenye simu ya Mama Mkurugenzi, jina langu chini. Namba nimeinakili chapchap.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Asubuhi tiketi za fainali zimefunguliwa, watu wakajazana, Shangazi akafa. Akafufuliwa. Akafa tena. Nikaegemea kiti nikingoja pongezi.

Akaingia mama mkwe, analia. Nyuma yake shangazi wa mke wangu, mzima wa afya, amevimba kwa hasira. Kwenye simu yangu Mama Mkurugenzi na Mama Mkwe wamefuatana. Ni kosa langu hilo?

Shangazi huyo akanisomea kwenye simu ya mama mkwe: "Shangazi amekufa. Shangazi amefufuka. Shangazi amekufa." Kisha akauliza, "Baba, hii mara ya pili nimekufa kwa kitu gani?"

"Umekosa kumbukumbu, Shangazi."

Mama mkwe akaacha kulia ili anitazame vizuri.

Miwani akamrudishia Shangazi wa kompyuta kumbukumbu zake, mauzo yakaendelea. Yule mwingine akaletewa kiti na maji. Aliyemletea ni Miwani, bila shaka. Mnafiki!

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Mama Mkurugenzi amesema mtambo wangu ubaki, majina yatoke. Nyumbani mke wangu anaongea na sufuria tu. Anataka niende ukweni kuomba radhi, kwa miguu yangu na kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa miguu, zama hizi? Nimeandika programu ya kuomba radhi. Kila saa, kwa ukoo mzima, yenyewe. Kuijaribu kwanza ni kupoteza muda. Nimeiwasha, naenda kulala.