Sura ya Ishirini Iliyoliwa na Mchwa

Jumatatu, 3 Juni 1957
Mto umefurika tena. Kivuko kimefungwa, lori la Malindi limekwama ng'ambo, dukani nimebaki mimi na nzi. Basi nimesoma. Pete ya Nasra, mara ya tisa. Nimelia! Mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, karani wa duka la nguo Garsen, nimelia mpaka jora la kitambaa cha marekani likalowa. Hiki ndicho kitabu. Sudi anampenda Nasra miaka saba na hamwambii neno. Anamtazama tu. Anaugua. Anakonda. Hayo ndiyo mapenzi. Sura ya ishirini, ambayo ndiyo ya mwisho, ililiwa na mchwa kabla sijaifikia, lakini mwisho naujua: anampata. Haiwezi kuwa vingine.

Machozi ya Zulekha, niliyoletewa pamoja nayo kutoka Mombasa, ni takataka. Zulekha analia ukurasa wa kwanza, analia wa mia. Bwana wake kazi yake barua, kila siku barua, nakupenda, nakupenda. Hana haya!

Niandike na hili, maana daftari halisemi. Nampenda Salama, binti wa Mzee Athmani mwenye duka. Miaka miwili sasa, tangu ndoa yake ya Lamu ilipovunjika akarudi kwa babake. Sijamwambia. Nakonda vizuri.

Jumatano, 5 Juni
Hila! Nimemwazima Salama Pete ya Nasra, nikapiga mstari wa penseli kila mahali Sudi anaponyamaza. Mwenye akili ataelewa.

Amekirudisha kabla ya adhuhuri. Amesema alikwisha kukisoma Lamu, kizima, na sura yake ya mwisho. Nikamwuliza anaonaje. Akasema Sudi ni mpumbavu. Angesema siku ya kwanza, kitabu kingekuwa kurasa tatu na watu wangekula pilau la harusi. Kitabu cha Zulekha nacho hakipendi, kilio kimezidi, ila bwana wa Zulekha walau ana ulimi. Yote hayo aliyasema akinitazama usoni, tena kwa muda mrefu. Nikamwuliza kama anataka uzi mweusi au mweupe.

Akaniuliza kama nataka kusimuliwa hiyo sura ya ishirini. Nikaziba masikio. Nani anataka kuharibiwa utamu?

Ole wangu. Mwanamke mzuri vile, na vitabu havijui kabisa.

Nyumbani shangazi Esha amenishika shati. Anataka kesho aende kwa Mzee Athmani kuniposea. Nimemkatalia katakata. Nimesoma vitabu kumi na kimoja vya mapenzi, na katika vyote anayetangulia kupeleka posa ndiye anayekosa. Shangazi akauliza kama nimepigwa na jua.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya sala, watu waliozuiwa na mafuriko wamejaa kwenye baraza la duka. Nikawasomea Pete ya Nasra kwa sauti, cherehani ya Salama, anayeshona humo dukani, ikivuma nyuma ya pazia. Nilisoma vizuri, sauti ikitetemeka panapostahili.

Kila kitu kimeharibiwa na Wario. Wario ni Mworma, mfugaji, hutuletea ng'ombe wa kuuza, na herufi moja haijui. Ameegemea fimbo yake akauliza Sudi ana ng'ombe wangapi. Nikasema kitabu hakikutaja. Akauliza baba wa Nasra ni nani, na nani amekwenda kumwona. Nikasema hakuna. Akashangaa kweli kweli. Yeye taka mwanamke, akasema, yeye iko nyamaza. Sasa mwanamke iko jua namna gani?

Baraza zima likaangua kicheko. Cherehani ikasimama. Nikamsikia Salama anacheka kuliko wote! Nikafunga kitabu. Huwezi kuwasomea watu kama hawa.

Jumapili, 9 Juni
Yarabi! Wario amekuja kwangu. Anataka kumwoa Salama. Wazee wake wamekwisha kumwona Mzee Athmani, naye amewajibu kwamba kwao Kipini, alikozaliwa, posa bila barua si posa, hata ukiwa jirani wa ukuta mmoja. Wapeleke barua. Na hapa Garsen, mwenye hati ya kupendeza ni nani? Mimi.

Ningekataa angeuliza kwa nini. Sudi asingejifichua. Tena nikapata hila: nikanakili ukurasa mzima wa Machozi ya Zulekha, kile kitabu asichokipenda Salama. Akisoma hivi, nikawaza, atamchukia Wario mpaka kiama.

Wario akataka nimsomee. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza nani amefariki. Akaniambia nichane. Akasema mwenyewe, mimi nikanyoosha Kiswahili chake tu: namtaka Salama, nyumba ipo, maziwa yapo, cherehani aje nayo, akikataa nitakuja kuuliza tena mwakani. Basi! Mistari minne! Nimeandika kwa hati yangu nzuri kabisa, maana hata katika mateso mtu ana heshima yake. Chini nimeandika jina lake, naye ameweka dole gumba.

Sina wasiwasi. Ametangulia. Atakosa.

Jumanne, 11 Juni
Amekubaliwa.

Mzee Athmani macho yamefifia, na mwanamke haandiki jibu la posa yake mwenyewe. Kwa hiyo jibu pia nimeandika mimi. Mzee akitaja, mimi nachovya wino: tumepokea barua yenu, tumefurahi, binti ameridhika. Moyo sijui ulikuwa wapi. Shangazi Esha leo hasemi nami, ameniwekea chakula akageuka ukutani.

Alhamisi, 13 Juni
Maji yamepungua, kivuko kinafanya kazi. Salama amekuja mezani kwangu peke yake, na ile barua ya Wario mkononi. Akasema babake haoni maandishi, yeye ndiye humsomea barua. Juzi alipoifungua, kabla ya kusoma neno, aliitambua hati. Miaka miwili, akasema, alikuwa akiingoja barua ya posa yenye hati hii hii. Kisha akafika chini, kwenye jina.

Macho yake yalikuwa na maji. Nilifarijika sana. Hati yangu haijapata kusifiwa hivyo tangu nitoke shule. Nikamweleza siri: usichovye wino mwingi, na herufi ndefu uzivute polepole.

Alinitazama mpaka nikaona haya. Akauliza kwa mara ya mwisho kama nataka kuijua sura ya ishirini. Nikamwambia asijisumbue. Akasema haya, kaka Miraji. Hajawahi kuniita kaka. Alipopita pazia nilisikia cherehani ikianza, ikasimama, ikaanza tena.

Kitabu kinatujua, kumbe! Nimeirudia sura ya kumi na tisa jioni hii: Nasra anachumbiwa na mwingine, Sudi ananyamaza. Sawasawa kabisa na hapa kwetu. Shangazi anapiga kelele huko jikoni kwamba bado kuna wiki tatu kabla ya nikaha, niende nikaseme. Niseme! Niharibu kazi ya miaka miwili, na imebaki sura moja tu?