Kuhusu Samaki wa Mama Anastasie Aliyebaki Katika Chupa Yenu

Kasongo, tarehe 9 Septemba 1958

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Nyumba ya Wanyama, Chuo Kikuu

Bwana Mkurugenzi mwenye heshima,

Mimi ni Théophile Kitenge, mwalimu wa darasa la pili hapa Kasongo. Huenda mmenisahau mimi, lakini samaki wetu hamwezi kumsahau, maana mmemweka katika chupa. Ni juu yake ninawaandikia.

Mwezi wa saba nilisafiri na mke wangu Apolline, binti yetu Marcelline, na mama mkwe wangu, Mama Anastasie wa Wamaza, kwenda kumwona shemeji yangu Fidèle. Fidèle ndiye anayefuta vioo katika nyumba yenu ya wanyama waliokufa, wakajazwa majani na kusimamishwa kama wazima. Mama yake alikuwa hajamwona miaka minne. Tulipanda kamio, lori la mizigo, mpaka Samba, tukaingia gari la moshi, na njia nzima Mama Anastasie alipakata kikapu chenye samaki mmoja wa mto Luama, aliyekaushwa kwa moshi, akakunjwa duara na kufungwa kamba. Alikuwa chakula cha Fidèle. Hata Marcelline alipolia njaa, kikapu hakikufunguliwa.

Fidèle alitupokea stesheni, akatupeleka moja kwa moja kwenu ili mama yake aone mahali anapofanya kazi. Hapo ndipo yalipoanza malalamiko yangu, ambayo nayaweka kwa namba kama tunavyofundisha shuleni.

1. Tulingojeshwa kwenye ngazi muda wa saa mbili, mpaka watoto wa Wazungu wamalize kutazama. Sisemi neno. Labda wanyama huchoka wakitazamwa na watu wengi.

2. Mlinzi alimkataza Mama Anastasie kugusa kiboko. Bwana Mkurugenzi, mama huyu amewakimbia viboko wa Luama tangu utoto wake. Alipomwona yule wa kwenu alirudi nyuma mpaka akagonga twiga. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Hii nyama yote, nani alikula?" Naomba jibu kwa maandishi.

3. Samaki mwenyewe. Mama alichoka, akaketi chini karibu na chui, akafungua kikapu ili mwanawe aone alicholetewa. Profesa wenu wa samaki, yule mwenye ndevu nyekundu, alikuwa akipita. Alisimama. Akapiga magoti. Akauliza, "Mama, hii samaki ulitoa wapi?"

Mama akajibu, "Luama. Ni ya mutoto wangu."

Profesa alivua miwani, akaivaa tena. Alisema kwamba mwili huu hauna magamba hata moja na mkia umejaa magamba, na kwamba kwa miaka kumi na minne katika Kongo hajaona kitu kama hicho. Mama alidhani Profesa ana njaa. Akamwambia, "Bwana, kuja mangaribi kwa Fidèle, utakula kipande." Profesa akamshika mikono yote miwili, akamshukuru sana, akamchukua samaki. Tulipomfuata, samaki alikuwa ameshazama katika pombe kali.

4. Kibandiko cha chupa kinasema samaki huyo amegunduliwa na Profesa. Alimgundua katika kikapu! Mama Anastasie na wanawake wenzake waliziba kijito siku mbili, wakachota maji kwa vikapu mpaka matope yakafika mapajani. Ikiwa kuona kitu katika kikapu cha mtu ni kugundua, basi askari wa soko la Kasongo ni mgunduzi mkubwa kuliko wote, maana hugundua kila siku.

5. Jioni ile Fidèle alikula ugali na sombe tupu, majani ya muhogo. Alisema si kitu. Mama yake alilia. Tangu turudi amemchukua Apolline na mtoto, wako Wamaza. Alisema mbele ya ukoo, "Mwanaume mwenye anajua Kifaransa na ananyamaza wakati wanabeba samaki ya mukwe yake, huyo ni bwana ya namna gani?" Bwana Mkurugenzi, ni kweli nilinyamaza. Maneno ya Kifaransa nilikuwa nayo, yamepangwa vizuri, nami nikabeba kikapu kitupu. Sasa najipikia, na wanafunzi wangu wanacheka vidole vyangu vilivyoungua.

6. Fidèle ameandika kwamba kila asubuhi hufuta kioo cha samaki yule, na kwamba wageni humwambia asogee, anawazibia.

Kwa hiyo naomba haya. Samaki arudishwe, kama amelewa, mtoeni tu, tutamkausha tena. Ikishindikana, Fidèle ale kuku mezani kwa Profesa, na Profesa afute vioo siku hiyo. Jina la Mama Anastasie liandikwe kwenye kibandiko kwa herufi kubwa. Na kwa kuwa anajua yale ambayo Profesa hakuyajua kwa miaka kumi na minne, haki inataka yeye awafundishe wanafunzi wenu, na Profesa ambebee kikapu.

Nawasalimu nyote: Profesa, mlinzi wa mlangoni, wanafunzi, pia twiga, ambaye tunamwomba radhi kwa kugongwa.

Ni mimi mwenye heshima kwenu, na mwenye sufuria moja jikoni,

Théophile Kitenge, mwalimu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mama Anastasie amefika kutoka Wamaza pamoja na Apolline na Marcelline. Alisikia kwamba ninadai jina lake liandikwe, akaja mbio. Anasema usiku wa kuamkia safari paka alikula mkia wa samaki. Yeye aliona haya kumpelekea mwanawe samaki nusu baada ya miaka minne, akamfungia mkia wa samaki mwingine, akavirudisha vyote motoni mpaka vikashikana. Anaomba sana jina lake lisiandikwe popote. Kama ni lazima liwepo jina la mtu, anasema andikeni langu mimi.