Vioo Saba kwenye Ufa

Jumatatu, 4 Machi
Chururu. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu Ijumaa: mchanga ukimiminika ndani ya ukuta wa jumba la zamani, nami nimelaza shavu kwenye lipu. Mwenzangu wa ofisi yetu ya kuhifadhi majengo ya kale, tunayemwita Bwana Saruji kwa kuwa hajui dawa nyingine, alisema ukuta unaanguka. Nikasema unapumua. Akauliza kama ukuta wenyewe ndio ulioniambia. Ndiyo.
Ijumaa kuna kikao: ubomolewe au ubaki. Bibi mwenye jumba alizaliwa chumba cha nyuma yake. Leo nimebandika vipande saba vya kioo chembamba kuvuka ufa wa ukuta huo, kila kimoja na tarehe yake. Ukuta ukisogea, kioo kitavunjika. Visipovunjika, Bwana Saruji kwisha habari yake!

Jumanne, 5 Machi
Vyote vizima. Nimepanda ngazi mara nne kuhakikisha. Bibi aliniomba nimwache mgonjwa apumzike. Nikamweleza kwamba mgonjwa hupimwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimepanda mara tisa. Kioo cha juu kimevunjika. Bwana Saruji akapita, akatazama, akanipa pole kwa sauti ya mtu aliyeshiba.
Mpango: nibandike kipya, niandike tarehe ya Jumatatu. Nani atajua?

Alhamisi, 7 Machi
Nimebandika. Nimeandika. Mwandiko mzuri ajabu, kwa uongo. Kisha bibi akaja na kiti, akakaa chini ya ukuta kuchambua mboga. Akasema hauwezi kumwangukia, maana mimi nimeupima.
Nikaegemeza ngazi nikibandue kile kipya. Ta! Kioo cha pili kikapasuka chini ya ncha ya ngazi.
Ukuta haukusogea hata unywele. Ni mimi na ngazi yangu, tangu kile cha juu! Kile kipya nimekibandua.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri kikaoni mbele ya watu kumi na mmoja. Ngazi, tarehe ya uongo, yote. Bwana Saruji alicheka hadi miwani ikamtoka. Mkuu wetu hakucheka. Alikwenda mwenyewe kwenye ufa, akakuta mikwaruzo ya ngazi na vioo vitano vizima. Akaupa ukuta miezi sita ya kupimwa.
“Na wewe, binti,” akaniambia, “kioo kikishabandikwa kinaachwa. Nisikuone kwenye ukuta ule mpaka Septemba.”
Bibi alinishika mkono, hakuuachia mpaka tukafika barabarani.

Jumamosi, 9 Machi
Mkuu yuko sahihi. Kazi yetu ni kusubiri. Somo limeniingia barabara. Basi nimeamua kukaa mbali na ukuta, na asubuhi hii nimeshahamia: chumba cha ghorofa ya pili, ng'ambo ya barabara, dirisha linatazamana na ufa. Kodi ya miezi sita nimeshalipa. Darubini nimeazima kwa shemeji.
Vioo vitano, vyote vizima. Nimevihesabu mara kumi na mbili, na chai bado sijanywa.