Chura Asiye na Bwawa

Idara ya Hifadhi ya Vyura inayo furaha kuutangazia umma kwamba ule msitu mdogo nyuma ya ofisi utakatwa wote, tupate nafasi ya kujenga makao makuu ya Hifadhi ya Vyura. Mimi ni tarishi wa Idara. Nimefanya vibarua katika miji ambayo mingine nimeshasahau njia zake, lakini mpango uliopangika namna hii sijapata kuuona.

Aliyepinga ni mmoja tu: mlinzi wa msitu, mama anayeishi kwenye kibanda pembeni mwa msitu huo mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuja ofisini na kopo la majani yaliyooza. Ndani mlikuwa na vyura, kila mmoja anaenea juu ya ukucha.

"Hawa hawapatikani kwingine, bosi," akamwambia Mkurugenzi. "Ukikata miti, jua likapiga yale majani ya chini, wamekwisha."

Mkurugenzi akavaa miwani, akavuta Fomu Namba 14. "Jina la bwawa?"

"Hawana bwawa. Wanataga kwenye majani yenye unyevu, baba anakaa na mayai. Mtoto anatoka chura kamili, kama punje ya mchele."

"Idadi ya viluwiluwi?"

"Hakuna. Hatua hiyo anaimalizia ndani ya yai."

"Mama, taratibu za kuwa chura zinajulikana. Huyu wako amezikwepa."

Akagonga muhuri: SI CHURA. Kopo nikapewa mimi nilipeleke masjala, likasubiri rufaa.

Masjala yetu ina heshima zake. Paa linavuja tangu mkurugenzi wa tatu kabla ya huyu. Faili halisogezwi bila kibali, na kibali kimo ndani ya faili, kwa hiyo karatasi zimelala pale zimelowa, zimeota ukungu, zinafika magotini. Kopo nililiweka juu ya Faili la Ukarabati wa Paa. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Fomu ya vifuniko sikuiona.

Miezi minne baadaye Katibu Mkuu akaja kuweka jiwe la msingi. Tingatinga linanguruma, na Mama Mlinzi ameketi mbele yake juu ya kigoda, hana habari nalo. Mgeni alikuwa anapita ukumbini aliposikia tik, tik, tik. Akafungua mlango wa masjala kabla hatujawahi kumwonyesha choo kipya. Vyura wa lile kopo walikuwa wametapakaa juu ya mafaili, wanalia.

"Mkurugenzi, hiki ni nini?"

Mwingine angesema uzembe. Wetu ni mtu wa kazi. "Mheshimiwa, huu ni mradi wetu wa kuzalisha chura adimu. Hahitaji bwawa wala hana viluwiluwi. Anachotaka ni karatasi zilizolowa, zisizoguswa na mtu miaka mingi."

"Na mmeziacha hivi makusudi?"

"Makusudi kabisa."

Katibu Mkuu akachuchumaa, akainua ukurasa. Mayai yalikuwa pale kama shanga za kioo, na baba yao juu yake, hakusogea hata kwa mheshimiwa. Mgeni akafurahi, akataka maneno hayo yaandikwe. Mkurugenzi akatia saini.

Ndipo Katibu Mkuu akasoma kanuni iliyotundikwa ukutani, kwenye fremu ya dhahabu: *Popote chura adimu anapozaliana, na msitu alikotoka, pasiguswe. Watu wote waondoke ndani ya siku saba, isipokuwa mlinzi na yule atakayepewa kibali na mlinzi.*

"Kanuni nzuri sana," akasema. "Nani aliiandika?"

Jina la Mkurugenzi lilikuwa pale chini, kwa herufi kubwa.

Tingatinga likageuzwa. Siku ya saba Mkurugenzi alibeba kiti chake, mimi nikambebea meza, tukaenda hadi kibandani, ofisi pekee iliyobaki ya Idara. Tukabisha hodi.

"Vueni viatu hapo hapo," akasema Mama Mlinzi. Kisha akavuta Fomu Namba 14. Alikuwa hana nyingine. "Jina la bwawa?"

"Mama, tusitaniane."

"Bosi, fomu ni yako hii."

Mkurugenzi akatazama kiti chake, kinaanza kunyeshewa.

"Sina bwawa," akasema.

Mama akaandika, polepole. "Viluwiluwi?"

"Watatu," akajibu. "Wako shule."