Kamera ya Kamukuywa na Firigisi ya Mzee

Jameni, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. (Suruali ilibaki. Hiyo tu ndiyo ilibaki.)

Yote yalianzia soko la Kamukuywa. Muuza mitumba mmoja alinionyesha kamera kuukuu ya filamu, bei ya kuku. "Boss, usiione imezeeka. Picha yake ni moto!" Kitu kizuri, bei ya kuku? Nikaishuku palepale. Nikainunua hata hivyo. (Najijua.)

Ukichungulia kidirisha chake unaona kila mtu mara mbili. Lazima uzungushe lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja. Sasa mashine inayokuonyesha baba mkwe wawili, wewe utaiamini?

Majuzi nikaibeba Bumula, kwa kina Nekesa, mchumba wangu. Ndiyo mara ya kwanza kuonana na babake. Kuku alikuwa mezani, firigisi juu kabisa. Na firigisi kwa Wabukusu ni ya mwenye boma, hakuna mjadala. Nikaweka kamera kwenye kabati, nikaitegesha ijipige yenyewe, nikakimbia kujipanga na familia nzima nyuma ya meza. Ikalia zzzz kama mbu. Ikanyamaza. Tukatabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Hiyo imekufa, bana," mzee akasema. "Twende tunawe."

Wakatoka wote. Tukabaki mimi na kuku. Nilikuwa nimetoka Kitale bila hata chai! Firigisi ikaingia mdomoni. Nikasikia "tk" ndogo sana, nikadhani ni meno yangu.

Mzee akarudi. "Firigisi iko wapi?"

Kila mtu akamwangalia mwenzake vibaya. Mimi nikamwangalia paka. "Hawa paka wa siku hizi, baba, si wa kuaminika!" Maskini paka akahamishiwa kwa jirani siku hiyohiyo.

Leo nimerudi kusikia kama nimekubaliwa. Asubuhi nilipitia studio nilikopeleka filamu ioshwe, nikachukua bahasha ya picha. Sikuifungua. Ya nini? Nilijua ni nyeusi tupu. Mzee alipoziulizia, nikampa. "Fungua wewe, baba, ushuhudie vile nilitapeliwa!"

Picha ya kwanza: Nekesa kando ya mahindi, hadi kope unaziona. Wueh! Simu yangu haijawahi kutoa kitu kama hicho. Nikaanza kujisifu kabisa.

Mzee akashika ya mwisho. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Ati hii kamera ni mbovu?"

Nikachungulia. Mimi hapo katikati, firigisi nusu nje ya mdomo, mikunjo yake yote inaonekana, mafuta yanang'aa kwenye ndevu. Nyuma yangu, kwenye kochi, paka. Amelala fofofo.

Nekesa akakimbilia jikoni kwa mamake, na kicheko kikatoka huko cha watu wawili. Mzee hakucheka. Nikajua nimekosa mke.

"Kijana," akasema polepole, "msichana nitakupa. Lakini kwanza enda kwa jirani, umwombe huyo paka msamaha, umrudishe."

Nimembeba kifuani, majirani wote wamesimama kwenye ua wanatazama. Tulipofika, chakula kilikuwa tayari. Firigisi ya leo amepewa paka. Ameila polepole, macho kwangu.

Nawaomba msicheke. Atakayecheka, nitamuuzia hii kamera.